Jitihada za Wanawake wa Uingereza na wa Misri, na Mafunzo Yake kwa Chama Chetu

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, karani, mbele ya mkutano wa Chama. Imepigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama wasioweza kuhudhuria.)



Halmashauri iliniachia nichague mwenyewe jambo la kunena, nami nimechagua jambo ambalo huenda baadhi yenu wakaona kuwa halituhusu, yaani historia ya wanawake waliodai haki zao katika nchi mbili, Uingereza na Misri. Naomba mnisikilize kwa subira, kwa maana nataraji kabla sijaketi mtaona ya kuwa linatuhusu sana, sisi tulao mkate wa kalamu.

Nimechagua nchi hizi mbili kwa sababu tatu. Moja ni ya Wakristo wengi na ya pili ni ya Waislamu wengi, kama tulivyo sisi wenyewe katika chumba hiki. Moja ilitawala na ya pili ilitawaliwa. Na katika nchi zote mbili shauri la mshahara wa mtumishi wa Serikali lilikuwamo ndani ya shauri la wanawake tangu zamani.

UINGEREZA

Watu wengi hudhani ya kuwa mwanamke wa Kiingereza alikuwa na haki zake tangu kale. Sivyo. Mpaka mwaka wa 1870 mwanamke aliyeolewa katika Uingereza hakuweza hata kuuita mshahara wake kuwa ni mali yake. Fedha aliyoichuma kwa mikono yake ilikuwa ya mumewe kwa sheria, na vitu alivyokuja navyo kutoka kwa baba yake vilikuwa vya mumewe. Sheria ya 1870 ilimwachia mshahara wake, na sheria ya 1882 ndiyo iliyompa haki ya kumiliki mali yake mwenyewe kama mtu mzima.

Kwa khabari ya kura, sheria kubwa ya uchaguzi ya mwaka wa 1832 ilitaja waziwazi ya kuwa mpiga kura ni mwanamume. Mwaka wa 1866 wanawake wapatao 1,500 walitia sahihi zao katika ombi, na mwanachuoni John Stuart Mill, aliyekuwa mjumbe wa Parlamenti, akaliwasilisha. Mwaka uliofuata aliitaka Parlamenti ibadili neno lile la sheria ili wanawake nao wahesabiwe. Wajumbe 73 walikubali na 196 walikataa. Hapo ndipo safari ilipoanza hasa, nayo ilichukua zaidi ya miaka sitini.

Wanawake wale waligawanyika katika njia mbili. Njia ya kwanza ni ya Bibi Millicent Fawcett, ambaye mwaka wa 1897 vyama vingi vidogo viliunganishwa kuwa umoja mmoja, naye akauongoza. Hawa walifuata sheria. Waliandika barua, wakafanya mikutano, wakapeleka maombi Parlamenti mwaka baada ya mwaka, na kufika mwaka wa 1914 walikuwa na wanachama zaidi ya 50,000. Njia ya pili ni ya Bibi Emmeline Pankhurst, aliyeanzisha chama chake katika mji wa Manchester mwaka wa 1903, akiwa amechoshwa na ahadi. Mwaka wa 1905 binti yake Christabel, pamoja na Annie Kenney, msichana aliyeanza kazi katika kiwanda cha pamba akiwa na miaka kumi tu, waliingia katika mkutano wa siasa wakauliza kama Serikali itawapa wanawake kura. Hawakujibiwa, walitolewa nje kwa nguvu, na kisha wakatiwa gerezani.

Tangu hapo mambo yakawa makali. Chama cha Bibi Pankhurst kilivunja madirisha na kuchoma majumba matupu, na wanawake wapatao elfu moja walifungwa. Mwaka wa 1909 mfungwa mmoja, Marion Wallace Dunlop, alikataa kula, na wengine wakamfuata. Serikali ikaamuru walishwe kwa nguvu, kwa mpira uliopitishwa puani au kinywani. Watu walipochukizwa na jambo hilo, mwaka wa 1913 ikatungwa sheria ya kumfungua mfungwa aliyedhoofika na kumkamata tena apatapo nguvu, nayo watu waliiita kwa mzaha Sheria ya Paka na Panya. Mwaka ule ule, tarehe 4 Juni, Emily Davison aliingia katika uwanja wa mashindano ya farasi huko Epsom, akagongwa na farasi wa Mfalme, akafa siku nne baadaye.

Vita vya 1914 vilipoanza Bibi Pankhurst alisimamisha ugomvi wake na Serikali. Wanawake wakaingia viwandani, katika magari, na katika maofisi, wakafanya kazi ambazo wanaume walikuwa wakisema haziwezekani kwa mwanamke. Mwaka wa 1918 sheria ilitoa kura kwa wanawake wapatao milioni nane na nusu. Lakini walakini ilikuwapo. Mwanamume alipiga kura akiwa na miaka 21, na mwanamke alingoja mpaka 30, tena kwa masharti ya nyumba au mali au elimu ya chuo kikuu. Usawa kamili ulikuja Julai 1928. Bibi Pankhurst alikuwa amefariki mwezi wa Juni, majuma machache tu kabla.

Mabibi na Mabwana, hapa ndipo nataka makarani wasikilize kwa makini. Wapo waliodhani ya kuwa kura imemaliza maneno. Katika maofisi ya Serikali ya Uingereza mwanamke aliyeolewa alitakiwa kuacha kazi siku ya harusi yake, hata kama alikuwa ametumikia vema miaka kumi. Kanuni hiyo iliondolewa mwaka wa 1946, yaani miaka kumi na minane baada ya kura ya usawa. Na katika utumishi wa mambo ya nchi za nje ilidumu mpaka 1973. Na mshahara je? Mwaka wa 1936 Bibi Ellen Wilkinson alitaka wanawake watumishi wa Serikali walipwe sawa na wanaume, na Parlamenti ikakubali kwa kura. Waziri Mkuu Baldwin akalifanya jambo hilo kuwa kipimo cha imani kwa Serikali yake, na wajumbe wakageuza uamuzi wao. Yatupasa tujue ya kuwa haki inaweza kupatikana leo na kunyang'anywa kesho kwa hila ya kanuni za mkutano. Mishahara ya watumishi wale ilianza kusawazishwa mwaka wa 1955, kwa ngazi, ikawa sawa tarehe 1 Januari 1961. Wafanya kazi wengine walingoja sheria ya 1970, iliyoanza kutumika mwishoni mwa 1975.

MISRI

Sasa tuvuke bahari twende Misri. Huko jambo la kwanza la kustaajabisha ni hili: mali ambayo mwanamke wa Kiingereza aliipata kwa sheria ya 1882, mwanamke Mwislamu wa Misri alikuwa nayo kwa sheria ya dini yake tangu karne nyingi. Aliolewa na mali yake ikabaki yake, na urithi wake ukahesabiwa, ingawa aghalabu nusu ya fungu la ndugu yake mwanamume. Walakini katika mambo mengine alifungiwa: elimu ilikuwa adimu, na mabibi wa nyumba kubwa walikaa ndani na kufunika nyuso zao.

Mwaka ule ule wa 1882 majeshi ya Waingereza yaliishika Misri. Mtawala wao mkubwa huko, tangu 1883 mpaka 1907, alikuwa Lord Cromer. Bwana huyu aliandika ya kuwa hali ya wanawake katika Uislamu ni dalili ya unyonge wa Wamisri na sababu ya kutokuwa tayari kujitawala. Lakini alipokuwa na madaraka hakufungua shule nyingi za wasichana, bali alitoza ada ya shule. Na aliporudi kwao, alikuwa rais wa chama cha wanaume kilichoanzishwa kuwapinga wanawake wa Kiingereza wasipewe kura! Huko Misri aliwahurumia wanawake kwa maneno. Huko kwao aliwazuia kwa matendo. Wahenga walisema, nyani haoni kundule.

Wamisri wenyewe walikuwa wamekwisha kuanza. Mwaka wa 1899 hakimu wa mahakama ya Cairo, Qasim Amin, alitoa kitabu kikitaka wanawake wasomeshwe na sheria za ndoa zitengenezwe, kikaleta zogo kubwa. Lakini wanawake hawakungoja kusemewa na wanaume tu. Malak Hifni Nasif, mwalimu na mwandishi, mwaka wa 1911 alipeleka madai kumi mbele ya mkutano wa wakubwa wa Misri, na kwa kuwa ulikuwa mkutano wa wanaume, ilibidi mwanamume ayasome kwa niaba yake.

Na sasa nataka niwatajie mwanamke mmoja ambaye kila karani atamfahamu mara moja, Nabawiyya Musa, aliyezaliwa mwaka wa 1886. Alihitimu ualimu, akaajiriwa na Serikali kwa mshahara wa pauni sita kwa mwezi. Wanaume waliohitimu ualimu walilipwa pauni kumi na mbili. Alipouliza sababu, alijibiwa ya kuwa wanaume wana shahada ya shule ya sekondari, naye hana. Katika Misri nzima haikuwako shule ya sekondari ya wasichana. Je, ndugu zangu, jibu la namna hii hamkupata kulisikia? Mlango hufungwa kwanza, kisha mtu huulizwa kwa nini hakuingia. Nabawiyya hakulia wala hakutukana. Alijisomesha mwenyewe usiku, akaomba kuingia katika mtihani pamoja na wavulana, na mwaka wa 1907 akashinda, msichana wa kwanza wa Misri kuipata shahada ile. Serikali ikalazimika kumwongezea mshahara. Ikapita miaka zaidi ya ishirini kabla msichana mwingine hajaipata baada yake.

Mwezi wa Machi 1919 Waingereza walimkamata kiongozi wa Misri, Saad Zaghlul, wakamhamishia Malta. Nchi ikawaka. Tarehe 16 Machi mabibi wa Cairo, pamoja na Huda Shaarawi, walitoka majumbani wakaandamana barabarani mbele ya bunduki za askari. Wanaume waliwasifu sana siku zile. Lakini uhuru wa Misri ulipotangazwa mwaka wa 1922, na katiba ikatoka 1923, sheria ya uchaguzi ilisema ya kuwa wapiga kura ni wanaume. Mwaka wa 1924 Parlamenti ilipofunguliwa, wanawake waliopigania nchi walisimama nje na mabango.

Huda Shaarawi hakukata tamaa. Mnamo Machi 1923 alikuwa amekwisha kuanzisha Umoja wa Wanawake wa Misri. Mwezi wa Mei alikwenda Roma katika mkutano wa wanawake wa dunia pamoja na Nabawiyya Musa na Saiza Nabarawi, na waliporudi, katika stesheni ya Cairo, Huda na Saiza waliufunua uso wao mbele ya watu. Watu wengi hukumbuka ushungi huo tu. Mimi naona afadhali tukumbuke ya kuwa mwaka ule ule umri wa kuolewa ulitiwa katika sheria, miaka 16 kwa msichana na 18 kwa mvulana, na ya kuwa Umoja huo ulidai shule za sekondari za wasichana. Mwaka wa 1933 wanawake wa kwanza walipata shahada za chuo kikuu cha Cairo.

Huda alifariki Desemba 1947. Mwaka uliofuata Doria Shafik, aliyepata udaktari wa elimu katika Paris, alianzisha chama kiitwacho Binti wa Nile. Tarehe 19 Februari 1951 aliwaongoza wanawake wapatao 1,500 wakaingia ndani ya Parlamenti kudai kura. Machi 1954, wakati wa serikali mpya ya wanajeshi, alikataa kula siku kadhaa katika nyumba ya chama cha waandishi wa magazeti, mpaka Rais Naguib alipoahidi ya kuwa katiba itaheshimu haki za wanawake. Katiba ya 1956 ikatoa kura, ingawa mwanamke alipaswa kuomba mwenyewe kuandikishwa, hali mwanamume alilazimishwa. Mwaka wa 1957 wanawake wawili waliingia Parlamenti.

Lakini mwaka ule ule wa 1957 Doria Shafik, aliyelalamika ya kuwa Rais Nasser anatawala peke yake, alifungiwa nyumbani kwake na magazeti yake yakafungwa. Alifariki mwaka wa 1975, baada ya miaka mingi ya upweke. Umoja aliouacha Huda nao haukuachwa kuwa huru. Serikali ilimpa mwanamke kura kwa mkono mmoja, ikachukua chama chake kwa mkono wa pili.

KULINGANISHA

Tukizilinganisha historia hizi mbili twaona mambo manne.

Kwanza, hakuna taifa lililo mbele katika kila jambo. Katika mali, Misri ilitangulia Uingereza. Katika kura, Uingereza ilitangulia Misri kwa miaka thelathini na minane. Basi atakayesema ya kuwa dini fulani au rangi fulani ndiyo iliyomwinua mwanamke, na nyingine ndiyo iliyomdidimiza, hajasoma vya kutosha.

Pili, mwanamke wa Kiingereza alishindana na serikali ya watu wake, lakini mwanamke wa Kimisri alikuwa na mizigo miwili kichwani, mgeni aliyeishika nchi na desturi ya nyumbani. Kila alipotaja desturi, aliambiwa anamsaidia mgeni. Kila alipomtaja mgeni, alisifiwa. Yeye aliibeba mizigo yote miwili kwa pamoja, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kuvunja madirisha.

Tatu, katika nchi zote mbili wanawake walitumika wakati wa shida, na hesabu yao ikacheleweshwa wakati wa furaha. Mwaka wa 1918 Mwingereza alilipwa kwa sehemu. Mwaka wa 1923 Mmisri hakulipwa kitu.

Nne, sheria peke yake haitoshi pasipo chama kilicho huru. Mwingereza alipopata kura bado alikuwa na vyama vyake, navyo viliendelea kudai mshahara mpaka 1961 na baada yake. Mmisri alipata kura na chama kikazimwa, na tangu hapo mengi aliyoyapata yalitoka juu, kwa hiari ya mkubwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

SISI JE?

Naona Bwana Katibu anatazama saa, nami namalizia.

Chama cha watumishi Waafrika wa Serikali katika Tanganyika kilianzishwa Tanga mwaka wa 1922, na Martin Kayamba akiwa kiongozi wake. Wazee wale walikuwa na shauri moja kubwa, mtu apimwe kwa kazi yake. Walioishi baadaye waliiona Tume ya Holmes ya 1947–48, iliyopendekeza ya kuwa mtu asiye Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Baba zetu waliikataa hesabu hiyo mpaka Tume ya Lidbury ya 1953–54 ilipopendekeza iondolewe. Waliambiwa kila namna ya sababu: mahitaji yao ni machache, elimu yao ni ndogo, wangoje. Nabawiyya Musa aliambiwa hayo hayo. Watumishi wanawake wa London waliambiwa hayo hayo. Sisi ni wana wa watu waliolipwa tatu kwa tano. Itakuwa aibu tukimhesabia mtu mwingine kwa kipimo kile tulichokitupa.

Mtu atajibu ya kuwa siku hizi barua ya ajira haitaji mwanamke wala mwanamume. Ni kweli. Lakini hebu tutazame Chama chetu wenyewe. Mabibi wapiga taipu, wauguzi na walimu hutoa ada sawa nasi kila mwezi. Katika Halmashauri wako wangapi? Hakuna hata mmoja. Nani huandika kumbukumbu za mkutano? Wao. Nani huzijadili? Sisi. Nani hupika chakula cha sikukuu ya mwaka? Na mikutano yetu huanza saa kumi na mbili jioni, wakati mama mwenye watoto yuko jikoni, kisha twasema wanawake hawapendi mambo ya Chama. Huo ndio mlango wa Nabawiyya: umefungwa, kisha twauliza mbona hawakuingia.

Wengine watasema ya kuwa mke wa mtu akikaa katika Halmashauri nyumba itaharibika. Nyumba za Uingereza hazikuanguka mwaka wa 1946 kanuni ile ilipofutwa. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwakusanya wanawake wa Dar es Salaam katika TANU mwaka wa 1955, nchi haikuharibika, bali ilipata nguvu. Na wengine watasema, tungoje kwanza tumalize madai yetu ya mishahara. Hivyo ndivyo walivyoambiwa wanawake wa Misri mwaka wa 1919. Nao walingoja mpaka 1956.

Kwa hiyo, Bwana Rais, natoa mapendekezo matatu, nayo nayaomba yatiwe katika ajenda ya mkutano mkuu. La kwanza, viti viwili vya Halmashauri vigombewe na wanachama wanawake katika uchaguzi ujao, na baadaye viti vyote viwe wazi kwa wote. La pili, mikutano ya Chama ifanywe Jumamosi mchana. La tatu, kila ombi la mishahara na masomo litakalopelekwa na Chama hiki lioneshe hesabu ya wanaume na ya wanawake mbalimbali, ili tuone wenyewe nani anapandishwa cheo na nani anaachwa. Karani mwema haogopi hesabu.

Sisemi tutoe zawadi. Mwenye kutoa ada yake ana haki ya kiti chake. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na Chama kinachotumia mkono mmoja, hali kina miwili, kisilaumu ng'ombe kwa kumtoroka.

Mlango wa maswali uko wazi, na ningependa swali la kwanza litoke kwa mmoja wa mabibi walioketi nyuma.